Mlango Uliokataa Kukaa

Ilikuwa Jumamosi ya kawaida kabisa. Nguo zilikuwa kambani, redio ya jirani ilikuwa inaimba, na mimi nilikuwa na gauni la mteja ambalo kila nikilipunguza kiuno linazidi kumbana mabega. Nikalitupa kando, nikaamua kwenda kumwona shemeji yangu gereji. Najua wengine mkisikia haya mtasema nimeyaokota vijiweni. Semeni. Huyo shemeji ni mume wa dada yangu wa tumbo moja, na niliyoyaona niliyaona mchana kweupe, jua likiwaka.

Ila kwanza niwaeleze habari ya lori.

Lilikuwa lori la marehemu baba. Tuliliita Kobe, kwa sababu ya kabini yake ya mviringo na mwendo wake wa kutafakari. Baba alipofariki lilikaa nyuma ya nyumba mpaka majani yakaota kwenye bodi. Dada akaolewa na fundi wa bodi za magari, na badala ya kuomba friji kama wanawake wenzake, akamwomba mumewe amfufulie lori la baba. Shemeji akacheka, akadhani utani. Dada hakuwa na utani na Kobe.

Tabu ikaja kwenye spea. Kobe ni kubwa kwa umri kuliko sisi sote, na kiwanda kilishaacha kutengeneza vitu vyake zamani. Vinavyouzwa madukani ni vya kuiga, vimechongwa na mtu ambaye nadhani lori lenyewe aliliona kwa mbali, tena akiwa na haraka zake. Madigadi mapya, yale mabati ya juu ya magurudumu, yalikuja na matundu yasiyokutana na ya bodi. Boneti ilikuwa fupi upande mmoja. Raba ya kioo cha mbele iliingia kona tatu, ya nne ikabaki imetoka nje kama ulimi. Na hiyo milango, jamani. Ukikaza bawaba ya juu, chini kunafumuka. Ukibana chini, juu panabaki uwazi wa kupitisha kiganja. Mimi ni mshonaji, najua machungu ya kuletewa nguo iliyokatwa vibaya na mtu mwingine halafu unaambiwa uirekebishe wewe.

Hapo ndipo Dada alipoingia kazini. Kitu kisichokaa vizuri kinataka watu wawili: mmoja nje na spana, mwingine ndani ya kabini anasukuma bati kwa bega huku akichungulia matundu yakutane. Wa ndani alikuwa Dada. Gereji imepakana na wachomeleaji, na kwa kelele zao huwezi kusikia hata jina lako, kwa hiyo wenyewe waliongea kwa kugonga. Dada akigonga bati mara moja, kaza. Mara mbili, legeza. Nilikuwa nawakuta hivyo, mume nje, mke ndani, hawaonani, kazi inakwenda. Nilikuwa nawatania kwamba ndoa yao ndiyo pekee mjini ambamo mke akigonga, mume anatii.

Dada aliugua wakati wa mvua. Homa, tukadhani ya kawaida. Wiki haikuisha tukamzika. Alituachia binti mmoja, Kidoti, aliyekuwa ndiyo kwanza anang'oka meno ya mbele. Kobe nalo likabaki halina milango.

Nilimchukua Kidoti akae kwangu, baba yake apumue kidogo. Kidogo kikawa kirefu. Shemeji alifunga gereji, akafungua tena, akawa analala hukohuko. Mwanzoni alikuja kumwona mwanawe mara mojamoja, kisha akaacha. Mtoto akawa anakaa kizingitini kila jioni anamngoja, mpaka usingizi unamchukua palepale namwinua kama gunia. Mama yake aliondoka bila kupenda. Baba je? Hilo ndilo lililonitoa nyumbani Jumamosi ile. Nilikuwa naenda kumsema, tena nilishayapanga maneno njiani.

Nilimkuta ubavuni mwa lori amepiga goti, anafunga mlango wa kushoto. Amekonda, ovaroli inamning'inia. Wachomeleaji walikuwa wameenda kula, pametulia. Nikafungua kinywa kumsalimu.

Ko.

Bati liligongwa kutoka ndani. Shemeji akakaza.

Kusema kweli nilifurahi. Nikajua amepata msaidizi, walau ana mtu wa kubadilishana naye mawili matatu. Ko, ko. Akalegeza. Nikazunguka upande wa pili, ambao ulikuwa bado hauna mlango, nimwone huyo msaidizi.

Kabini ilikuwa tupu.

Hata kiti hakikuwepo, kilikuwa kimeng'olewa. Sakafu ya bati, usukani, basi. Niliinama kichwa kikiwa ndani, pua imejaa harufu ya puti ya kusawazishia bati. Ko. Mbele ya macho yangu. Niliona mlango ukitetemeka. Kisha bati likabonyea kuelekea nje, polepole, namna linavyobonyea likisukumwa na bega. Hakuna bega.

Nilirudi kinyumenyume. Shemeji alikuwa amesimama ananitazama juu ya boneti, macho mekundu, lakini wasiwasi hana.

"Usimkatishe, Shem," akaninong'oneza. "Akipoteza tundu huwa anachelewa kulipata."

Maneno yote niliyoyapanga yaliyeyuka. Nilifika nyumbani kiatu kimoja kikiwa mkononi, na mpaka leo sijui nilikivulia wapi.

Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Siku chache baadaye akaja mzee mmoja kupunguza suruali, dereva mstaafu aliyewahi kufanya kazi na baba. Katika maongezi akauliza ile milango imekaaje. Nikamwuliza milango ipi. Akashangaa. Akanieleza kwamba tangu kiangazi, mvua za msiba zilipokatika, alimpeleka Shemeji kwenye uwanja wa vyuma chakavu, kulikokuwa na lori pacha wa Kobe, na Shemeji alifungua mwenyewe milango, madigadi na boneti. Orijino tupu, akasema mzee, vitu vya kuingia kama mkono mfukoni.

Tangu kiangazi. Na mimi nilimwona kwa macho yangu anahangaika na mlango wa dukani.

Nilirudi gereji, safari hii nikachagua saa ambayo wachomeleaji wako kazini, nisikie kelele za watu walio hai. Shemeji alikuwa nyuma anasaga puti. Nikaingia stoo. Vilikuwa pale chini ya turubai, vyote, vimefutwa na kupakwa mafuta visishike kutu, vimefungwa shuka. Niligeuka nikamkuta amesimama mlangoni.

Nikamwuliza mbona hivi hajavifunga. Akarudisha turubai mahali pake.

"Spea inayokaa yenyewe haihitaji mtu wa ndani," akasema.

Kisha akanieleza yote, taratibu, kama anayesimulia mambo ya jirani. Baada ya matanga alijaribu kufunga mlango mmoja orijino. Uliingia bila tabu. Akasimama na spana yake kwa mazoea, anangoja agongewe. Kimya. Hicho kimya kilimuuma kuliko msiba wenyewe. Akaufungua kwa hasira, akaenda dukani akanunua wa kuiga, akaanza kupigana nao peke yake, analia na kutukana, matundu hayakutani. Na pale aliposhindwa kabisa, akataka kuutupa, bati likagongwa mara moja. Alikaza. Tundu lilikuwa limekutana.

Tangu hapo akawa mteja wa ajabu. Muuza spea akimtolea nzuri anairudisha. Anaomba zile zilizorejeshwa na mafundi wengine, zilizopinda, ambazo kila mtu amezikataa. Fundi mzima anatafuta kibaya, na kila akipata kibaya zaidi, mkewe anakaa naye muda mrefu zaidi.

Nililia pale stoo. Nilimwonea huruma, na niseme ukweli, nilimwonea wivu pia. Alikuwa dada yangu kabla hajawa mke wake. Kwangu hakuwahi kugonga.

Nikafuta machozi, nikamwambia nililokuja kusema tangu mwanzo. "Kidoti anakungoja kizingitini kila jioni. Huyo yuko hai, Shemeji. Na wewe ndiye aliyebaki naye."

Aliinamisha kichwa. Akaniambia kwamba kwa vyovyote mambo yanaisha, maana kadiri Kobe linavyofungika, Dada anagonga kwa mbali zaidi. Kuna siku anamsikia kwa shida. Umebaki mlango wa kulia tu, na huo ukishakaa hana tena cha kumwitia. Nikamwomba aahidi kwamba ukishakaa, atarudi nyumbani kwa mwanawe. Akaitikia kwa kichwa. Sikupenda jinsi alivyoitikia, haraka mno, lakini nilishika kile nilichopewa.

Asubuhi aliyosema atamaliza, nilimvalisha Kidoti gauni jipya nililomshonea, tukaenda kumchukua. Njia nzima anaruka. Mchomeleaji wa jirani alikuwa amekaa kwenye bomba la geti anafunga kidonda cha kidole. Akasema Shemeji yuko ndani tangu alfajiri, alikuwa anapiga rangi, na hakuna aliyeingia wala kutoka, kwa sababu yeye hajaondoka pale.

Ndani palikuwa kimya. Harufu ya rangi na tina ya kuizimua ilinichoma macho. Nikamwita. Hakuitika. Nikamwambia Kidoti abaki na mjomba wa getini.

Nikasogea.

Mlango wa kulia haukuwa kwenye lori. Ulikuwa umeegemezwa ukutani. Na kwenye uwazi wake, Shemeji alikuwa amelala nusu ndani, nusu nje, kichwa kinaning'inia juu ya ngazi. Midomo imebadilika rangi.

Nikapiga ukelele. Mchomeleaji akaja mbio, tukamvuta mpaka kwenye hewa. Kifua hakikusogea. Kisha kikasogea. Akatapika, akakohoa, akavuta pumzi moja ndefu ya kukwaruza. Kidoti alikuwa ameshatufikia. Alikaa chini na gauni lake jipya, akamshika baba yake sikio.

Baadaye Shemeji alinieleza alichofanya. Alfajiri aliufunga ule mlango wa kuiga kwenye bawaba, akazitundika spana, ndipo akapiga rangi kabini nzima, ndani na nje, pamoja na mlango wenyewe. Mlango ulikataa kukaa kwenye fremu, na mara hii hakuna aliyegonga. Alingoja. Akaita. Mwishowe akaingia ndani, akaketi alipozoea kuketi Dada, akauvuta kwa kamba aliyoipitisha tundu la kitasa, kwa nguvu zake zote, mpaka ukajikaba kwenye fremu. Vioo vilikuwa vimeshafungwa vyote. Kitasa kilikuwa bado hakijawekwa. Mvuke wa rangi ulikuwa mzito kama uji, na alijua. Alitaka awe mahali alipo mkewe. Akafumba macho.

Bawaba za Kobe ziko nje. Bolti zake ziko nje. Mtu aliye ndani hawezi kuzifikia hata angekuwa na mikono minne. Zilikuwa zimefunguliwa zote, zimewekwa sakafuni pamoja.

Niliangalia spana. Zilikuwa zimetundikwa ukutani mahali pake, juu yake kuna vumbi jembamba la rangi lililotua wakati anapuliza. Halijakwanguka. Hakuna hata moja iliyoguswa.

Kisha nikaufuata mlango wenyewe pale ulipoegemea. Ni mzito, kuunyanyua kunataka wanaume wawili. Rangi ya kijani ilikuwa inang'aa, mbele na nyuma, ukingoni, kila mahali. Nikaugusa kwa ncha ya kidole. Ilikuwa mbichi. Nikaanza kuukagua, juu, chini, pembeni, pale ambapo mtu angeshika ili aunyanyue. Hakuna mkwaruzo. Hakuna alama ya kiganja. Rangi mbichi, na hakuna aliyeishika.

Alipopata nguvu za kukaa kitandani kwangu, Shemeji aliuliza ni nani aliyemfungulia. Nikamwambia nilivyoona, bila kuongeza wala kupunguza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilidhani atafurahi.

"Alisimama nje?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Nje. Ubavuni kwako."

"Kioo tu katikati." Akageuza uso ukutani. "Na mimi nilikuwa nimefumba macho, Shem."

Akalia, akalia, mpaka Kidoti akaja na upindo wa gauni lake kumfuta uso, na akamwacha amfute. Tangu siku ile anaishi nasi, anampeleka binti yake shule asubuhi na kumrudisha mchana. Kobe lilimaliziwa kwa vile vya stoo. Milango yote miwili inakaa barabara, ukiifunga unasikia mlio mmoja laini, basi. Hakuna anayegonga.

Ule wa kuiga bado umeegemea ukutani kule gereji, rangi imeshakauka zamani. Hataki uuzwe wala ukatwe. Nimewahi kumkuta ameumulika kwa taa karibu kabisa, anaukagua inchi kwa inchi. Alama iliyopo ni moja tu, na hiyo ni ya kidole changu.