Fomu ya Tatu ya Fundi Abdón

"Hali ya ndoa?"

"Zoila, hilo si unalijua."

"Mimi hapa najaza fomu, fundi. Sijui kitu mpaka mwenye fomu aniambie. Hali ya ndoa?"

"Mgane."

Zoila Lituma akabonyeza vitufe bila kuinua macho. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja chenye kompyuta, mashine ya kuchapa na viti vinne vya plastiki, ukuta kwa ukuta na karakana ya viatu ya Abdón Llivisaca. Gualaceo ni mji ambao nusu ya watu wake wako Marekani na nusu iliyobaki inasubiri miadi ya ubalozi, kwa hiyo fomu za viza za mji mzima zilipita mikononi mwa Zoila. Hii ilikuwa ya tatu ya Abdón. Mbili za kwanza zilimpeleka hadi dirisha la ubalozi kule Guayaquil na kumrudisha na jibu lile lile: hujatuonyesha kwamba utarudi kwenu.

Alipomaliza kuandika, Zoila aligeuza kiti akamtazama.

"Sasa tufanye mazoezi. Mimi ndiye afisa. Bwana Llivisaca, unakwenda kufanya nini Marekani?"

"Kumbatiza mjukuu wangu. Emilia. Ana miezi mitano, sijamshika."

"Vizuri. Na hapa nyumbani unamwacha nani?"

Abdón akakuna kidevu. Mke alikuwa amekufa miaka sita iliyopita. Mtoto wake wa pekee, Maricela, mama wa Emilia, alikuwa huko huko Marekani.

"Nitasema namwacha Zoila Lituma."

Zoila hakucheka. Kwa miaka minne mtu huyu alikuwa akiingia ofisini kwake kila mchana na bakuli la mote, mahindi meupe yaliyokaangwa na mayai, yeye akitoa kahawa, wakila pamoja na kuteta watu. Mtaa mzima ulijua. Wao wawili tu ndio walikuwa hawajasema.

"Usithubutu kunitaja kwenye dirisha lile."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu sitaki kuwa ushahidi wa mtu. Ukinitaka, nitake bila viza."

"Nakutaka bila viza. Ni wewe hujawahi kunipa nafasi niseme."

"Na leo siyo siku. Rómulo naye alisema anakwenda miaka miwili. Hii ni ya kumi na tisa, ana watoto watatu huko. Karatasi za talaka yetu nilizijaza mwenyewe, kwenye kompyuta hii hii."

"Mimi siyo Rómulo."

"Najua. Rómulo hakuwa na kitambi." Akamsogezea fomu aweke sahihi. "Nenda, fundi. Ukirudi, tutaongea. Usiporudi sitakulaumu, maana hukuniambia kitu na mimi sikusikia."

*

Jumapili Maricela alipiga simu ya video kutoka Danbury, Marekani, alikoishi na mumewe Wilmer, mtoto begani.

"Baba, Wilmer kapata mtu wa kutuandikia barua. Itasema una shamba la ng'ombe arobaini, lazima urudi kuwaangalia."

"Ng'ombe nitawatoa wapi? Mimi ng'ombe ninayemjua ni aliyekwisha kuchunwa."

"Baba, nakuomba. Mara mbili wamekukatalia kwa sababu ya ukweli wako huo."

"Basi watanikatalia mara ya tatu kwa ukweli ule ule. Siwezi kwenda kubatiza mtoto na uongo mfukoni."

Maricela akampapasa mtoto mgongo. Alipoondoka nyumbani alikuwa na miaka ishirini. Mama yake alipozikwa, yeye alikuwa bado hana karatasi za ukaazi, akaangalia jeneza likishushwa kupitia simu ambayo binamu yake aliishika juu ya vichwa vya watu. Mwaka jana ndipo alipopata ukaazi.

"Chumba chako tayari," alisema kwa sauti ya chini. "Ukifika hapa, baba, huondoki tena. Sitampoteza wa pili kwenye simu."

Hapo ndipo Abdón alipopaswa kusema habari za Zoila. Alifungua mdomo kabisa. Lakini mtoto akaanza kulia, na yeye akashukuru kimoyomoyo.

*

Afisa wa dirishani alikuwa mwanamke kijana mwenye mafua. Alifungua pasipoti, akasoma kwenye kompyuta, akapenga kamasi.

"Hii ni mara ya tatu, bwana."

"Ndiyo, binti. Na mjukuu anazidi kukua."

"Unafanya kazi gani?"

"Nashona viatu. Miaka thelathini na mitano, duka lile lile."

"Na nani anakusubiri Gualaceo?"

Abdón alikuwa na jibu la mazoezi: wateja, karakana, oda za shule. Akaliacha.

"Yuko mwanamke," alisema. "Bado hajanikubali. Kaniambia nikirudi tutaongea. Nikibaki huko, ndiyo basi tena."

Afisa akaacha kuandika.

"Anaitwa nani?"

"Hilo sikwambii. Amenikataza kumtaja hapa, na mimi namwogopa yeye kuliko ninavyokuogopa wewe."

Mwanamke yule akajifunika mdomo kwa karatasi yake ya kupengea, na Abdón hakujua kama ni chafya au kicheko. Akaandika tena, muda mrefu. Mwisho akaiweka pasipoti upande wake wa meza, hakuirudisha.

"Viza yako imekubaliwa. Safari njema."

Kama kilichompa viza ni yule mwanamke asiyemtaja jina au ni ile miaka thelathini na mitano ya viatu, hakuna aliyemwambia. Maafisa hawasemi.

Zoila alipopewa habari alimkumbatia mbele ya wateja, mara ya kwanza tangu wajuane. Kisha akamwachia haraka, akaenda kupanga karatasi zilizokuwa zimepangwa tayari.

"Nitarudi baada ya wiki sita," alisema Abdón.

"Sijakuuliza tarehe."

"Nakwambia tu."

"Na mimi nakwambia usiniambie. Vaa soksi nzito, huko Mei bado kuna baridi."

*

Emilia alimpokea babu yake kwa kumvuta masharubu. Alibatizwa Jumapili ya mwisho ya Mei katika kanisa lililojaa watu wa Gualaceo mpaka Abdón akahisi kama hajapanda ndege. Walichoma nguruwe mzima uani kwa Wilmer. Watu aliowashonea viatu vya shule wakiwa watoto walikuja na wake zao kumsalimia.

Kila asubuhi alimwandikia Zoila.

"Mtoto ameota jino."

"La juu au la chini?"

"La chini. Leo nimekula mote, lakini ya kopo. Haina maana."

"Unadeka. Kula ushukuru."

Wiki ya nne majibu yakaanza kufupika. "Sawa." "Vizuri." Wiki ya tano likaja moja tu, baada ya siku mbili za kusubiri: "Mungu akubariki huko uliko, fundi. Usijisumbue kuandika kila siku." Akapiga simu, haikupokelewa. Akapiga tena kesho yake, hali ni ile ile.

"Baba, mbona huli?" Wilmer alimuuliza mezani.

"Nimeshiba."

"Umeshiba kijiko kimoja?"

Asubuhi iliyofuata, akitafuta miwani yake kwenye droo ya jikoni, Abdón alitoa bahasha nene. Ndani kulikuwa na fomu ya kuomba kuongezewa muda wa kukaa, miezi sita zaidi, jina lake juu kabisa. Kila swali lilikuwa limejibiwa, na kila penye kuhitaji sahihi palikuwa na msalaba mdogo wa penseli, na pembeni yake neno "hapa". Aliujua mkono ule. Misalaba ile alikuwa ameifuata mara tatu kwenye fomu za Zoila.

Maricela aliingia na chupa ya maziwa, akamkuta ameketi, karatasi zimetandazwa mbele yake.

"Baba, nilikuwa nataka kukwambia leo."

"Hii kaijaza nani?"

"Bi Zoila. Hapa wanakosea kosea, nikaona bora yeye. Akaichapa, akamkabidhi binamu wa Wilmer aliyekuwa anasafiri kuja huku."

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia... nilimwambia umeamua kubaki. Nilijua ukiiona iko tayari utakubali."

"Yeye akasemaje?"

"Aliuliza tu kama una makoti ya kutosha." Maricela akamtazama baba yake vizuri, na polepole uso wake ukabadilika. "Baba. Bi Zoila ni nani kwako?"

Abdón akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Ni mtu ninayekula naye mchana."

"Tangu lini?"

"Miaka minne."

"Na hukuniambia."

"Niliogopa utadhani nimemsahau mama yako."

Maricela akaketi. Alilia kimya, kama mama yake alivyokuwa akilia, akiangalia pembeni kana kwamba machozi ni ya mtu mwingine. Abdón hakumwambia anyamaze. Alisogeza kiti karibu, akamshika mkono.

"Mama yako nilimwosha kwa mikono hii siku zake za mwisho," alisema. "Simsahau. Lakini mwanangu, nyumba ile ikifika mchana inanyamaza mno. Siku ya kwanza nilibeba bakuli nikaenda kwa jirani kwa sababu tu nilitaka kusikia mtu akitafuna."

"Mimi nilitaka usikie huku. Emilia akitafuna."

"Na nimesikia. Nitarudi kumsikia tena, viza ni ya miaka mitano. Na wewe sasa una karatasi, ndege unapanda. Siyo kama wakati ule wa mama yako. Hatuonani kwa simu tu tena, mimi na wewe."

Maricela akachukua simu yake mwenyewe, akafuta uso kwa kitambaa cha mtoto, akapiga. Simu za Abdón hazikupokelewa kwa sababu zilikuwa za Abdón. Maricela alikuwa mteja, yake ilipokelewa kwenye mlio wa pili.

"Bi Zoila, shikamoo. Ni Maricela."

"Marahaba, mwanangu. Fomu imefika? Kuna kilichokosewa?"

"Mimi ndiye niliyekosea. Baba hakuamua kubaki. Hakujua habari ya fomu hiyo, kaiona leo. Nilikudanganya, nikakufanya ujaze kwa mkono wako. Nisamehe."

Upande wa pili ilisikika mashine ya kuchapa ikitoa karatasi.

"Bi Zoila? Upo?"

"Nipo. Yuko karibu?"

"Yuko hapa, anajifanya anatazama dirishani."

"Mwambie nina wateja. Na mwambie soli ya kiatu changu cha kulia imebanduka wiki tatu sasa, na sijampelekea fundi mwingine."

*

Alirudi baada ya wiki sita kamili, Jumatano saa tisa alasiri. Hakupita nyumbani. Aliingia ofisini kwa Zoila na sanduku lake, akakuta viti vyote vinne vimekaliwa.

Zoila aliinua macho. Alimtazama kuanzia kofia hadi viatu, kama mtu anayehakiki picha na pasipoti.

"Foleni inaanzia mlangoni," alisema.

Abdón akasimama mlangoni. Mama mmoja akataka kumpisha, Zoila akamwambia aketi. Wa kwanza akahudumiwa, wa pili, wa tatu. Wa nne alikuwa mzee mwenye maswali mengi kuhusu picha, kama masikio lazima yaonekane. Zoila alimjibu yote kwa utulivu, akazibana karatasi zake kwa pini mara mbili.

Mwishowe Abdón akaketi mbele yake.

"Tukusaidie nini, bwana?"

"Nataka kuoa."

"Hiyo hatujazi hapa. Hiyo ni ofisi ya usajili, pale kwenye uwanja wa mji, ghorofa ya kwanza. Wanafunga saa kumi na moja." Akatazama saa ya ukutani. "Na lazima mwende wawili."

"Nimekuja mmoja."

"Naona." Akazima kompyuta, akavaa sweta, akachukua funguo. Mlangoni alisimama ghafla, akageuka. "Abdón. Ni kweli ulimwambia yule afisa unaniogopa?"

"Nani kakwambia?"

"Ulimsimulia Wilmer, Wilmer kamsimulia binamu yake, binamu kasimulia soko zima."

"Ni kweli."

"Vizuri," alisema Zoila, akafunga mlango kwa ufunguo, akamshika mkono palepale barabarani ambapo kila mtu angeweza kuwaona.

*

Walioana Septemba. Maricela alishuka uwanja wa ndege wa Cuenca na Emilia mgongoni, mara ya kwanza baada ya miaka kumi na moja. Kabla ya kwenda nyumbani alipelekwa makaburini, akakaa na mama yake mpaka alipotosheka. Hakuna aliyemharakisha. Aliporudi macho yalikuwa mekundu lakini mwendo ulikuwa mwepesi, na siku iliyofuata yeye ndiye aliyetia sahihi kama shahidi wa baba yake.

Jioni wageni walipopungua, Zoila alivua viatu vyake vya harusi, kazi ya mkono wa bwana harusi, akaingia jikoni kuosha vyombo. Maricela akamfuata, akasimama kando yake na taulo. Waliosha na kufuta sahani nyingi. Uani Abdón alikuwa akimwimbia Emilia, hajui maneno, anaimba hivyo hivyo.

"Sijui nikuite nani," Maricela alisema mwishowe.

"Niite Zoila. Mama ulikuwa naye, na alikutosha."

Maricela aliikausha sahani aliyokuwa nayo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Basi nipe na ile sufuria, Zoila," alisema. "Ukae. Umesimama tangu asubuhi."

Zoila akakaa.