Shomoro Asiye na Koo Jeusi

Yesenia Bracamonte alikutana na Efrén kwenye foleni ya tamale, vile vyakula vya unga wa mahindi vinavyofungwa kwa majani, soko la Jumamosi mjini Tucson, watu wakisukumana. Yesenia alivaa gauni la njano. Efrén alikuwa na kofia ya majani na darubini kifuani.

"Unachungulia nini na hiyo darubini, kaka? Majirani?"

"Shomoro. Lakini leo nimeona kizuri zaidi."

Maneno mazuri humtoa nyoka pangoni. Agosti ya mwaka huohuo wawili hao walikuwa wamechuchumaa vichakani nje ya mji, katikati ya miiba, wakitazama kindege cha kijivu kikidonoa mbegu mchangani.

"Tazama uso," Efrén alinong'ona. "Mstari mweupe juu ya jicho. Koo je?"

"Jeupe."

"Basi huyo kinda, mpenzi. Mkubwa koo lake jeusi, utadhani kafunga tai. Ikifika Krismasi, makinda wote watakuwa wameshaifunga."

Akampiga picha kinda yule, kisha akambusu Yesenia kwa mara ya kwanza.

Ikaja Februari. Jumapili Efrén angefika na wazee wake kuposa, na mama yake Yesenia alikwisha loweka mahindi. Jumamosi asubuhi Yesenia akampigia simu.

"Uko wapi, laazizi?"

"Jangwani, nahesabu ndege. Wivu umeshakupanda?"

"Nitumie mmoja nimwone."

Picha ikaingia. Shomoro mchangani, mstari mweupe juu ya jicho, koo jeupe. Yesenia aliikuza mara mbili, akiomba macho yake yawe yamekosea. Hayakukosea.

"Efrén, huyu mbona hana koo jeusi?"

"Ni kinda, mpenzi. Umesahau?"

"Sikusahau. Februari hakuna kinda, ulinifundisha mwenyewe. Hii ni picha ya siku yetu ile, sivyo?"

Nyuma ya Efrén sauti ya mwanamke ikauliza kama kahawa aitie maziwa.

"Yese, naomba nije nikueleze."

"Ungetafuta uongo mwingine, Efrén. Kumbukumbu ya siku ile ungeniachia."

"Shomoro mmoja tu ndiye wa kutuachanisha?"

"Waambie wazee wako wasije."

Akakata simu. Moyo ulimuuma, na aliona haya kwamba bado anampenda.

Mama yake akaita kutoka jikoni. "Mwanangu, kesho wageni wangapi? Nataka kuazima viti."

Yesenia alivuta kiti, akakaa.

"Usiazime, mama," akasema. "Vyetu vinatosha."