Kiganja Kwenye Mlango wa Gari

Haya yamempata rafiki yangu Mama Kibonge, tunapakana ukuta, na tangu anisimulie nimemkumbatia mwanangu sijamweka chini. Alimpelekea mumewe chakula cha mchana, Kibonge mgongoni. Mumewe anapiga mchanga kwa mashine milango ya magari makuukuu, kutoa rangi na kutu. Chumba chenyewe vumbi limekitia giza, na mashine inanguruma mpaka meno yanauma.

Akaizima. "Mama Kibonge, hebu njoo uone. Rangi yote imetoka, ila hiki kiganja cha mtoto kilichojichapa hapa mlangoni hakitoki."

"Si ukiache tu, baba?"

"Nikiache? Rangi mpya ibanduke, bosi anibandue na mimi!"

Akavaa tena kofia lake la kufunika uso, akapiga palepale. Mchanga ukalia shaaa, na Kibonge mgongoni akapiga yowe moja, akanyamaza. Mlangoni pakabaki chuma kitupu. Wakamfungua mtoto, wakakuta kiganja chake cha kulia ni laini, hakina mstari hata mmoja, wala jeraha. Wakamkimbiza zahanati, nesi akasema haoni ugonjwa.

Baba wa watu hakulala. Chuma kikishapigwa mchanga, kisipopakwa rangi mapema kinashika kutu, sasa mkono wa mtoto utaupaka nini? Leo asubuhi nimeuona mwenyewe jamani. Katikati ya kiganja pameingia wekundu wa kahawia, nikapangusa kwa kidole, ukatoka unga, na chini yake pana tundu dogo lisilotoa damu.