Mwamuzi wa Cordwain

Jumamosi ile soko la Borough lilikuwa limefurika. Watu walikuwa wakipigana vikumbo na vikombe vya kahawa mkononi, mara mkoba wa Imogen Thackray ukapasuka chini. Mipira sitini ikatawanyika kati ya viatu vya wanunuzi wa jibini.

"Jamani, msiikanyage! Nimeishona kwa mkono!"

Kijana mmoja mrefu, mwenye koti la kijani lililochakaa viwikoni, akapiga magoti na kuanza kuiokota.

"Dada, mbona mizito hivi? Mbwa wako ana meno ya chuma?"

"Si ya mbwa. Ni ya tenisi."

"Tenisi gani hiyo ya mawe?"

"Ile ya asili, inayochezwa ndani ya kuta nne. Hiyo unayoiona kwenye televisheni ni mjukuu wake."

"Na mjukuu kampita bibi kwa umaarufu."

"Kwa umaarufu, sawa. Kwa adabu, bado sana."

Huyo ndiye Callum Ferris, fundi wa piano. Siku tano baadaye alibisha hodi kwenye Cordwain, klabu yetu ya tenisi hiyo ya asili, akidai ameokota mpira mmoja uliosahaulika. Mwongo mkubwa. Aliuficha mfukoni makusudi, na Imogen alilijua hilo tangu sokoni, maana alikuwa amehesabu.

Imogen alikuwa mwamuzi msaidizi wetu. Nywele zake nyekundu alizifunga kwa uzi uleule wa kushonea mipira, na sauti yake ilijaza uwanja bila kipaza sauti. Alimfundisha Callum kushika raketi, na baada ya mwaka mmoja wakawa wapenzi. Walidhani hatujui. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na sisi watu wa Cordwain tuna masikio.

Kisha mambo mawili yakagongana. Callum alifika fainali ya kombe la klabu, na kamati ikawa inatafuta mwamuzi mkuu. Hakuna mwanamke aliyewahi kuishika kazi hiyo kwetu, na Imogen aliitaka tangu akiwa msichana. Siku mbili kabla ya fainali, ambayo yeye ndiye angeiamua, akampigia Callum simu.

"Mpenzi, usije kunichukua kazini mpaka fainali ipite."

"Unanionea haya?"

"Ninailinda kazi yangu, mpumbavu wangu wewe. Wewe cheza tu. Mimi nitasema ninachokiona."

Laiti mambo yangeishia hapo. Lakini asubuhi ya fainali, akiwa anafunga kamba za viatu, Callum alimsikia mpinzani wake, wakili Lionel Prewett, akicheka nyuma ya kabati: "Leo nacheza na watu wawili. Mmoja ana raketi, mwingine anatangaza pointi!"

Callum akaumia, na akafanya kosa ambalo kwa watu wa mchezo wetu ni kubwa kuliko yote. Seti ya mwisho ilikuwa tano kwa tano, na kwetu hapo gemu moja tu ndiyo huamua, naye alikuwa anaiongoza. Akaupiga wavuni mpira rahisi kabisa. Kisha wa pili, kisha wa tatu. Prewett akashinda, tukapiga makofi. Imogen hakupiga.

Alimkuta Callum kwenye ujia, bado na nguo zake nyeupe.

"Umeachia."

"Immy, walikuwa wanasema unanibeba. Nikaona nikishindwa, watanyamaza."

"Kwa hiyo na wewe uliamini ninaweza kukubeba?"

"Hapana! Nilitaka kukusaidia."

"Nimesimama saa mbili nikitangaza mchezo wa uongo kwa sauti yangu mwenyewe. Na namba yako umeichafua. Usinisaidie tena, Callum. Wala usinipigie."

Nieleze kidogo. Kila mchezaji wetu, awe London au Hobart, ana namba inayopanda na kushuka kwa kila mechi, na kwa namba hiyo mnyonge hupewa pointi za kuanzia anapokutana na mbabe. Haina polisi. Inasimama kwa sababu kila mtu anacheza kwa nguvu zake zote. Tupo wachache, tunajuana, na hilo tunajivunia kuliko vikombe vyote vya kabatini.

Callum alipiga simu wiki tatu. Mara moja tu ikapokelewa.

"Immy, nifanye nini?"

"Unajua cha kufanya. Si mimi wa kuambiwa."

Ikafika Jumapili ya chakula cha mchana cha mwaka. Meza zilipangwa ubavuni mwa uwanja, nyama ya ng'ombe ya kuoka ikinukia, wanaume na tai zao za mistari, Imogen na gauni la buluu na uso uliofungwa. Mwenyekiti wetu, Bi Winifred Ashdown, mwenye miaka themanini na moja na anayecheza kila Jumanne, alikuwa ndio kwanza anainuka ili atangaze mwamuzi mkuu. Callum akamtangulia kusimama.

"Samahani, mama. Fainali niliiachia kwa makusudi. Bi Thackray hakujua. Nilisikia maneno ya watu, nikaogopa. Futeni matokeo, namba yangu irekebishwe, na mkinifukuza, ni haki yenu."

Prewett akawa mwekundu mpaka masikioni.

"Maneno yale ni yangu," akasema. "Nilitania vibaya, namwomba radhi Bi Thackray. Na kombe la kupewa silitaki. Ferris, seti moja, sasa hivi."

"Na nani ataamua?" akauliza Bi Winifred.

"Yeye. Simtaki mwingine."

Tuliacha pudini ipoe. Wakafika tena tano kwa tano, gemu ya mwisho, pointi ya mwisho. Kwetu mpira ukidunda mara mbili, pointi haijafa. Mwamuzi hutaja mstari ulipoangukia mara ya pili, wachezaji hubadilishana pande, na yule aliyeuacha udunde ndiye anayedaiwa: lazima mpira wake uangukie karibu zaidi na ukuta wa nyuma. Prewett alikuwa ameweka yadi moja kutoka ukutani, na deni lilikuwa la Callum. Callum akapiga kwa nguvu zake zote. Prewett akauangalia tu ukipita. Ukadunda, ukadunda tena, na watu arobaini tukamgeukia Imogen.

"Yadi moja na robo," akasema. "Mchezo na seti kwa Bwana Prewett."

Callum aliinua raketi na kuipigia makofi kwa kiganja, akimtazama yeye. Bi Winifred akapiga meza. "Kamati haina haja ya kupiga kura. Mwamuzi mkuu tunaye."

Imogen akatoka kwenye kibanda chake, akapita mbele yetu sote na gauni lake la buluu, akasimama wavuni.

"Callum Ferris, utanioa?"

"Umenifunga kwa robo yadi, halafu unaniposa?"

"Ingekuwa inchi moja ningesema inchi moja. Nijibu."

"Ndiyo, mwamuzi," akasema Callum, machozi na jasho vikichanganyika. "Ndiyo."

Na Prewett, mwenye kombe lake la halali, ndiye aliyeshangilia kuliko sisi sote.