Uzio Ulioficha Mto

Fundi Cheche alikuwa mchomeleaji wa vyuma. Alikuwa na jina lake jingine, lakini tangu ashike kazi hiyo, mtaa mzima ulimwita Cheche. Karakana yake ilikuwa mbele ya nyumba. Nyuma ya nyumba kulikuwa na uzio wa mabati, mrefu kuliko mtu. Nyuma ya uzio kulikuwa na mto.

Mto ulisikika tu, haukuonekana. Mke wa Cheche alianika nguo kwenye kamba iliyofungwa uzioni. Binti yao wa miaka saba alichora samaki juu ya mabati kwa chaki. Mama yake Cheche alikaa barazani, upande wa barabara. Hakufika ua wa nyuma hata siku moja.

Mji wote uliupa mto ule mgongo. Kando yake kulikuwa na vichaka, chupa tupu na harufu mbaya.

Asubuhi moja alikuja mpima ardhi wa halmashauri, mwanamke wa makamo, viatu vyake vimejaa matope. Alipima, akapima tena. Kisha akapigilia kigingi chekundu ndani ya ua, hatua sita kabla ya uzio.

"Dada, hicho kigingi kimepotea njia," Cheche alisema. "Mto uko huko nje."

"Kigingi hakijapotea, fundi. Uzio ndio uliotembea."

Alimweleza kwamba ukingo wa mto ni wa watu wote. Halmashauri ilitaka kuusafisha na kutengeneza njia ya miguu, kuanzia darajani mpaka sokoni. Kutakuwa na nyasi, mabenchi na mahali pa kupumzika.

"Ramani bado haijapitishwa," alisema. "Kesho kutwa kuna mkutano wa wananchi. Njoo utoe maoni yako."

"Sina la kusema."

Mpima alipoondoka, Cheche aliking'oa kile kigingi na kukitupa kwenye rundo la vyuma chakavu.

"Umekifanya nini?" mkewe akauliza.

"Ni chuma chakavu."

"Kile ni cha mbao, mume wangu."

Cheche alirudi karakanani. Mkewe alimwacha aende. Alijua uzio ule ulianzia wapi. Miaka kumi na minane iliyopita, mdogo wake Cheche alishuka mtoni kunawa miguu. Hakurudi. Walimpata siku ya pili. Wiki iliyofuata Cheche alianza kusimamisha mabati. Ilikuwa kazi yake ya kwanza ya ufundi.

Kesho yake mpima alirudi. Aliona kigingi hakipo, lakini hakupandisha sauti. Alimwamkia mama barazani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa, mwanangu." Mama alimsogezea kigoda. "Usimlaumu fundi. Mwanangu mwingine alifia hapo nyuma."

Mpima akakaa. "Pole sana, mama. Kuna mtu aliyemwona?"

"Nani angemwona? Ilikuwa mchana kweupe, lakini vilikuwa vichaka vitupu."

Cheche alikuwa amesimama mlangoni. Mpima aliokota chaki ya mtoto akachora mstari sakafuni, umepinda kama upinde.

"Hapa kwenu mto unakata kona," alisema. "Maji yakikata kona, upande wa nje hukimbia na kuchimba. Ndiyo maana kuna kina. Upande wa ndani hutulia na kuacha mchanga. Ninyi mko upande wa nje."

"Basi uzio wangu ni sawa," Cheche alisema.

"Kizuizi ni sawa, fundi. Lakini bati linazuia na macho. Jana nimeona nyayo za watoto kule nyuma. Akiteleza mmoja, nani atajua?"

Cheche alikwenda ua wa nyuma. Alifuata uzio mpaka mwisho wake. Kwenye kona, bati moja lilikuwa limekunjwa chini, kiasi cha kupita mtoto. Aliinama akachungulia. Upande wa pili, juu ya jiwe lililo ukingoni kabisa, alimwona samaki amechorwa kwa chaki.

Akakaa palepale chini.

Siku ya mkutano alikuwa wa kwanza kufika. Ramani ilibandikwa ukutani. Aliitazama sana, kisha akanyoosha mkono.

"Hizi ngazi za kushukia majini mmeziweka nyuma ya nyumba yangu," alisema. "Hapo pana kina. Zitaua mtu."

Mpima akasimama. "Fundi amesema kweli. Mahali hapo tulipapendea mandhari. Tuzihamishie kona inayofuata. Kule upande wetu ndio wa ndani, na maji ni ya magotini."

"Na kwangu muweke uzio wa nondo," Cheche aliendelea. "Nondo za kusimama, zisiwe za kulala. Mtoto asipate pa kukanyaga na kupanda. Mtu aliye njiani auone mto, na aliye mtoni aonekane."

Mwenyekiti alimpa karatasi. "Tuchoree, fundi."

Kazi ilichukua miezi mitano. Vichaka vilikatwa, lakini miti mikubwa iliachwa, maana mizizi yake hushika udongo. Mke wa Cheche aliwakusanya majirani wakazoa taka, wakaweka mapipa. Cheche alichomelea uzio mpya. Mabati ya zamani aliyang'oa mwenyewe, peke yake.

Watu wakaanza kuja jioni kutembea na kupiga soga. Mama aliendelea kukaa barazani. Jumapili moja alisimama tu, akamshika mkwewe mkono. "Twende nikaone."

Walikaa wote, pamoja na Cheche na binti yake, kwenye benchi karibu na ngazi. Mtoto mdogo, ndio kwanza anajua kutembea, alimponyoka mama yake. Aliteremka, akateleza, akaketi majini. Kabla mama yake hajainuka, watu watatu walikuwa wameshamfikia. Walimwinua analia, amelowa mpaka kiunoni. Watu wakacheka kwa kushusha pumzi.

"Watu watatu," mama yake Cheche alisema polepole.

"Nimewaona, mama," Cheche alijibu.

Mama aliutazama mto kwa muda mrefu. Kisha akaanza kumsimulia mjukuu wake habari za baba yake mdogo: alivyopenda mpira, alivyokuwa mvivu wa kunawa miguu. Cheche hakuwahi kumsikia akimtaja tangu msiba ule.

"Bibi, alikuwa anajua kuogelea?"

"Hakujua, mjukuu wangu. Na wewe hujui." Mama akamgeukia Cheche. "Mtafutie mtu wa kumfundisha."

"Mama, hata mimi sijui."

"Basi nendeni wote wawili."