Wiki Tupu za Mama

Kila Jumapili mchana, vyombo vikishaoshwa, meza ya kulia iligeuka kuwa ya Mama na vitabu vyake. Mama alifundisha Kiingereza sekondari, lugha na fasihi, na wiki hiyo mkono wake wa kulia ulikuwa na bendeji baada ya kuteleza bafuni. Basi kazi ya kunakili ikamwangukia binti yake wa miaka kumi na mitatu, ambaye kwa mwandiko wake mzuri nyumba nzima ilimwita Karani.

Alikuwa akinakili azimio la kazi, yaani mpango wa mwaka mzima: wiki hii sarufi, wiki ile insha, kisha mashairi, kisha riwaya. Kesho asubuhi daftari lilitakiwa mezani kwa mkuu wa shule. Mwaka jana nusu ya darasa la Mama walifeli, na mkuu alishasema wazi kwamba mpango usipomridhisha, darasa litapewa mwalimu mwingine.

Karani alimaliza saa tisa, akajipongeza. Rasimu ya Mama ilikuwa na mistari mitupu hapa na pale, nayo ilimkera, akairuka yote, mada zikafuatana wiki kwa wiki bila pengo. Makaratasi ya rasimu akawashia jiko la chai.

"Mwanangu," Mama aliita kutoka jikoni, "zile wiki tupu umeziacha kama nilivyoziweka?"

"Ndiyo, Mama," Karani alijibu haraka.

"Afadhali. Mwaka jana nilikimbiza mada kama ninayefukuzwa, wanafunzi wanyonge wakabaki nyuma. Safari hii nimewaachia nafasi ya kunifikia."

Lo, maskini Karani! Kwa wino wake maridadi, mwaka uliisha wiki kumi kabla ya wakati. Hakukumbuka hata mstari mmoja mtupu ulikuwa wapi. Alijaribu kufuta, karatasi ikatoboka. Alitamani ardhi ipasuke immeze, maana akinyamaza, kesho Mama angelipoteza darasa bila kujua kwa nini.

Akaingia jikoni machozi yakimlengalenga. "Mama, nimekudanganya. Sikuziacha."

Mama aliketi taratibu kwenye kigoda. "Na rasimu yangu?"

"Nimewashia jiko."

Mama akaitazama birika. "Basi tutakunywa chai iliyochemshwa kwa kazi ya likizo yangu nzima," alisema. "Nimekasirika, sikufichi. Lete rula."

Wakafungua ukurasa mpya. Mama alifumba macho, akawakumbuka wanafunzi wake mmoja mmoja. "Baada ya insha, acha wazi. Hapo ndipo mwaka jana yule mrefu wa dawati la nyuma alipoacha kuandika kabisa." Karani aliandika mpaka vidole vikafa ganzi.

Kesho yake Mama alirudi na daftari limetiwa saini.

"Mkuu hakuuliza kuhusu mistari mitupu?" Karani aliuliza.

"Aliuliza. Nikamwambia kwamba aliyebaki nyuma lazima apate pa kurudia." Mama akamshika bega. "Wewe jana ulirudi ukasema kweli, tukawahi kurekebisha. Ukikosea tena, usinifiche hata saa moja."