Pumzi za Mwalimu

Jioni hiyo nilitoka kununua betri za kinasa sauti, kwa sababu Kinyozi, ambaye ndiye mwenye chumba tunachorekodia, hakumbuki betri hata umwandikie kiganjani. Giza lilikuwa linaanza kuingia. Sikuwa na haraka. Watu wawili walionisubiri hawakustahili haraka.

Sisi ni watatu. Kila wiki tunakaa saluni kwa Kinyozi, tunazungumzia filamu na tamthilia, na watu wanatusikiliza kwenye podikasti yetu. Kazi ya Kinyozi ni kucheka. Mwalimu, ambaye ameziona filamu zote na hajaelewa hata moja, anasimulia. Mwenye akili ni mimi: nasema kipi ni takataka, kisha nasafisha sauti kwenye kompyuta. Mzigo mkubwa ni Mwalimu. Jamaa anahema kama ng'ombe mgonjwa kila baada ya maneno matatu. Huwa nazikata pumzi zake moja moja, mpaka anasikika kama mtu mwenye maana.

Niliporudi nilimkuta mama mmoja kwenye kiti cha kunyolea, kitambaa kimefungwa shingoni. Kinyozi alikuwa anampunguza nywele kimya kimya, na kimya si desturi yake. Mwalimu alikuwa kwenye benchi, anasahihisha madaftari ya wanafunzi wake.

Palinuka majivu yaliyomwagiwa maji.

"Wewe ndiye uliyemcheka mwanangu," alisema yule mama. Hakugeuka.

Nikamkumbuka huyo binti. Filamu ya kuungaunga, imepigwa kwa simu. Msichana amelala sakafuni, anakufa kwa dakika nne nzima huku akitweta. Nilisema kwenye kipindi kwamba huyu hata kufa hajui. Tulicheka mpaka Kinyozi akadondoka kitini, na kipindi kile kikasikilizwa kuliko vyote.

"Shikamoo, mama. Msanii ni wa kukosolewa," nikamjibu. "Asiyetaka kuchekwa akae kwao."

"Alikuwa na pumu," alinong'ona. "Pale hakuwa anaigiza. Wenzake walidhani anaigiza vizuri... wakaendelea kupiga picha."

Kinyozi alishusha mkasi. Mimi niliona aibu, na mimi nikishikwa na aibu huwa mkali.

"Futa kicheko chenu, baba. Hilo tu."

"Kipindi chenye wasikilizaji sifuti, mama. Hapa tunafuta makosa."

"Makosa gani?"

Nikamwonyesha. Nilifungua kwenye kompyuta maongezi ya wiki iliyopita, ambayo sikuwa nimeyasafisha bado, nikachagua pumzi ya kwanza ya Mwalimu, nikabonyeza. Ikapotea.

Kwenye benchi, Mwalimu alikohoa.

"Nyingine," alisema mama.

Nikabonyeza. Kwa kiburi tu. Nikabonyeza tena... na tena...

Khaaa!

Madaftari yakamwagika sakafuni. Mwalimu alikuwa ameshika koo, mdomo wazi, macho yamemtoka. Hewa haikuingia.

"Ukishazikata," mama alinong'ona, "unaziweka wapi?"

Sikuwa naziweka popote. Nani anatunza uchafu?

Nilizirudisha zile nne. Mwalimu akavuta hewa mara nne, nikimwona. Kisha basi. Pumzi za vipindi vya nyuma, za miaka miwili, nilikuwa nimezifuta moja kwa moja. Midomo yake ilianza kuwa ya kijivu.

"Fanya kitu, ndugu yangu!" Kinyozi alikuwa analia. "Anatufia huyu!"

Nikatia betri mpya kwenye kinasa, nikakisogeza mdomoni, nikavuta pumzi. Yangu. Nikafungua kipindi cha nyuma, nikaipachika kwenye pengo la Mwalimu.

Akavuta.

Nikapachika nyingine, na nyingine, mpaka mwisho wa kipindi. Mwalimu alikaa akalia kama mtoto. Nilipogeuka, kiti kilikuwa kitupu. Kitambaa kilikuwa bado kimefungwa fundo, duara la shingo. Chini hapakuwa na unywele hata mmoja, na Kinyozi anaapa kwamba alikata robo saa nzima.

Kicheko nilikifuta palepale. Kama hilo lilitosha, hakuna aliyekuja kuniambia.

Kinyozi anawaambia watu kwamba Mwalimu alipaliwa na mate. Mjinga hana dawa. Hata hajagundua kwamba siku hizi Mwalimu anahema taratibu, kwa pua, vilevile kama mimi.

Jana nilikuwa napanda ngazi za kwangu, kifua kikanibana. Mara ya kwanza maishani. Nilikaa chini, natweta, naona nyota. Simu ikaita. Ni Mwalimu.

Nikapokea. Kule kulikuwa na mtu anatweta, sambamba na mimi, pumzi kwa pumzi... na kila yangu ilivyofupika, yake nayo ikafupika.

Nikajilazimisha kuvuta nyingine, kwa ajili yake.

Ilikuwa ndogo.